WANAONGOJA KUITWA WASICHUJWE GIZANI

KAA pale Kipawa au Kiwalani saa za jioni. Ndege inashuka kuelekea Uwanja wa Julius Nyerere, inapita juu ya mabati, na waliokaa kijiweni wanakatisha maneno mpaka ngurumo ipite. Mmoja anataja aina ya ndege hiyo, mwingine anambishia, kahawa inaendelea. Lakini angalia vizuri, ndugu msomaji. Pembeni yupo kijana mmoja ambaye hakuinua kichwa. Yeye anaitazama simu yake.

Kijana huyo ana cheti cha kidato cha sita. Hesabu alifaulu, fizikia alifaulu, Kiingereza anakisema. Ameomba nafasi ya kufundishwa kazi ya kuongoza ndege. Akaambiwa asubiri, ataitwa. Anasubiri tangu mvua za mwaka jana. Mama yake anamwambia subira yavuta heri. Mjomba wake anamwambia maneno mengine, tena kwa sauti ya chini: "Mjomba, una mtu pale ndani?"

Tahariri ya leo ni ya kijana huyo. Hatumtaji jina kwa sababu majina yake ni mengi mno, yamejaa kila kijiwe cha mji huu. Tunauliza swali moja tu kwa niaba yake. Mtu akiambiwa asubiri, anasubiri nini hasa? Anasubiri alama zake zisomwe, au anasubiri watoto wa wakubwa wapite kwanza?

KAZI YENYEWE SI YA MCHEZO

Wapo wanaodhani mwongoza ndege ni yule anayepunga vibao pale ndege inapoegeshwa. Yule ni mwingine. Mwongoza ndege hukaa juu kwenye mnara akiuona uwanja wote, au hukaa ndani ya chumba cha rada ambacho huenda hakina hata dirisha. Anasema na marubani kwa redio. Yeye ndiye anayeamua nani atue, nani angoje, nani apande na nani ashuke.

Kati ya ndege ya juu na ya chini yake, kipimo cha kawaida ni futi 1,000. Zikiwa kimo kimoja safarini, chini ya rada, kipimo cha kawaida ni maili 5 za baharini, yaani kilometa 9 na ushei. Kwa mwenye baiskeli hizo ni kilometa nyingi. Lakini chukua ndege mbili zinazoelekeana, kila moja inakwenda kilometa 800 kwa saa. Kilometa hizo 9 zinaisha kwa sekunde 20 hivi. Ndani ya sekunde 20 huwezi hata kumaliza kusalimiana na shangazi.

Ndiyo maana dunia nzima imekubaliana masharti ya kazi hii. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka mwongozaji anayehudumia safari za kimataifa apimwe uwezo wake wa kuzungumza Kiingereza, na asipungue kiwango cha 4 katika ngazi 6. Lazima apimwe afya. Lazima apewe leseni.

Masharti hayo yameandikwa kwa damu. Machi 27, 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana uwanjani ndani ya ukungu. Moja ilianza kuruka kabla haijaruhusiwa, na maneno ya redio hayakueleweka sawasawa. Watu 583 walikufa. Julai 1, 2002, ndege mbili ziligongana usiku juu ya Überlingen, Ujerumani. Anga hilo lilikuwa linaongozwa kutoka Zurich, na mwongozaji aliyekuwa kazini alikuwa peke yake akihangaika na meza mbili, mwenzake yuko mapumzikoni. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto.

Tunayataja haya ili mkubwa anayeandika kimemo ajue anaandika nini. Katika ofisi nyingine, mtoto wa kigogo asiyejua kazi atachelewesha mafaili, wananchi watakasirika na kurudi kesho. Kwenye mnara hakuna kurudi kesho. Rubani akiita hewani hamuulizi mwongozaji baba yake ni nani.

WAMAREKANI NAO YALIWAKUTA

Sasa msomaji asidhani kwamba kuchuja watu gizani ni ugonjwa wa Afrika peke yake. Tuwaangalie Wamarekani, wanaopenda kutufundisha utawala bora kila asubuhi.

Agosti 3, 1981, waongoza ndege wa Marekani wapatao 13,000 waligoma wakidai mishahara mizuri na saa chache za kazi. Rais Ronald Reagan akawapa saa 48 warudi kazini. Wengi wakakaidi. Agosti 5 akawafukuza zaidi ya 11,000 kwa mkupuo, na wakapigwa marufuku kuajiriwa tena katika kazi hiyo. Marufuku hiyo ilikuja kuondolewa na Rais Bill Clinton mwaka 1993.

Nafasi zile zilijazwa na vijana wapya walioajiriwa kwa wingi miaka ya 1980. Sheria ya Marekani inasema mwongoza ndege aache kazi akifika miaka 56. Mwenye kalamu na karatasi anapiga hesabu mwenyewe: walioingia pamoja watatoka pamoja. Serikali yao ililijua hilo mapema. Kwa hiyo idara yao ya usafiri wa anga, FAA, ikashirikiana na vyuo vya kiraia vifundishe vijana misingi ya kazi. Kufikia mwaka 2013 vyuo hivyo vilikuwa 36.

Vijana wakaingia darasani. Karo walilipa wenyewe, wengine kwa mikopo. Wakimaliza wanafanya mtihani wa kompyuta wa kupima akili na wepesi, mtihani wa karibu saa 8 nzima. Aliyepata alama 85 na kuendelea aliwekwa katika kundi la wenye sifa za juu. Baada ya hapo wakaambiwa lile neno ambalo kila kijana wa Dar es Salaam analijua. Subirini.

Wakasubiri. Mwaka 2013 bajeti ya serikali ikakatwa, ajira zikasimama, na chuo cha serikali kule Oklahoma City kinachowapokea waongozaji wapya kikafungwa kwa miezi kadhaa. Vijana wakaendelea kusubiri, wengine wakiuza duka, wengine wakiendesha magari ya watu. Hata huko wapo wenye vyeti wanaosukuma siku kama sisi.

Siku za mwisho za Desemba 2013 habari ikafika vyuoni kwa barua pepe. Utaratibu umebadilika. Ile orodha ya waliokwisha kufaulu, wanaokadiriwa kati ya 2,000 na 3,000, haina kazi tena. Alama zao zimefutwa. Kila mtu aombe upya pamoja na umma wote, na kabla ya mtihani wowote ajaze dodoso la maisha yake mtandaoni.

Februari 2014 nafasi zikatangazwa. Waliomba watu zaidi ya 28,000. Dodoso likapitisha chini ya mmoja katika kila kumi. Waliobaki walipata taarifa fupi ya kwamba hawafai. Sababu hawakuambiwa. Walikokosea hawakuonyeshwa. Pa kukata rufaa hapakuwapo. Miongoni mwao alikuwamo kijana aliyepata alama 100 kwa 100 katika ule mtihani wa awali.

Dodoso lenyewe lilikuwa na nini? Ufunguo wa majibu ulifichwa, ukaja kujulikana kwa njia ya kesi mahakamani. Swali mojawapo liliuliza: somo ulilopata alama za chini kabisa sekondari ni lipi? Jibu lililobeba alama nyingi, alama 15, lilikuwa sayansi. Soma tena msomaji, hujakosea kusoma. Mtu anaomba kazi ya rada, kasi, upepo na vimo, na anayesema sayansi ndiyo ilimshinda kuliko masomo yote ndiye anayepandishwa.

NIA NJEMA, NJIA MBOVU

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Waliobadilisha utaratibu walikuwa na maelezo. Walitaka mlango upanuke, watu weusi, wanawake na wengine waliokuwa wachache katika kazi hiyo waingie. Sisi hatulicheki lengo hilo hata kidogo. Historia ya Marekani na mtu mweusi tunaijua, wala hatuhitaji kusimuliwa. Mlango uliofungwa kwa makusudi lazima ufunguliwe kwa makusudi.

Lakini tazama walivyoufungua. Hawakwenda katika shule za watu weusi kuwafundisha vijana mtihani ule. Hawakulipa karo za watoto wa maskini. Walichukua maswali yasiyoeleweka, wakaweka majibu ya siri, wakafuta alama za walioaminishwa kwamba ahadi ni deni. Mweusi aliyekuwa amesoma katika vile vyuo 36 na kufaulu naye alifutwa na wenzake. Yakatoka pia madai ya kwamba baadhi ya waombaji walidokezwa majibu na mtu wa ndani. Madai hayo yalibishaniwa sana, na sisi si mahakama. Tunalosema ni kwamba madai ya namna hiyo huota penye siri kama uyoga penye kinyesi. Siri ilipowekwa kila aliyepita alishukiwa, hata yule aliyepita kwa haki yake.

Vijana wale hawakukaa kijiweni kulaumu. Waliandika barua kwa wabunge wao. Walikwenda kwa waandishi wa habari. Mwishoni mwa mwaka 2015 wakafungua kesi. Julai 2016 bunge lao likapitisha sheria ya kuwalinda wahitimu wa vyuo vile na askari wastaafu wasichujwe kwa dodoso hilo, na waliokataliwa mwaka 2014 wakaruhusiwa kuomba tena hata kama umri ulikuwa umewapita. Mwaka 2018 FAA ikaliacha dodoso kabisa.

Hilo la umri ndilo lililotuuma zaidi. Kwa kawaida Marekani hawampokei kijana asiye na uzoefu wa kazi hiyo akifika miaka 31. Kwa hiyo aliyekuwa na miaka 29 mwaka 2013 hakuwa anasubiri bure tu. Alikuwa anazeeka mbele ya mlango. Kila mwezi wa "subiri" ulikuwa unamla. Mkubwa aliyemwambia asubiri alikuwa na mshahara wake kila mwisho wa mwezi.

BEI YA MCHEZO HUO

Miaka ilipita. Januari 29, 2025, usiku, ndege ya abiria ilikuwa inakaribia kutua Washington ikagongana na helikopta ya jeshi juu ya mto Potomac. Watu 67 walikufa, hakupona mtu. Uwanja ule una jina la Reagan tangu mwaka 1998, rais yule yule aliyewafukuza waongozaji 11,000. Usiku ule mnarani mwongozaji mmoja alikuwa anashughulikia helikopta na ndege kwa pamoja.

Hatusemi kwamba dodoso la mwaka 2014 ndilo lililoangusha ndege ile. Anayesema hivyo bila ushahidi ni mzushi, na gazeti hili halina nafasi ya uzushi. Tunachosema ni kwamba mwaka huo wa 2025 maofisa wa Marekani wenyewe walikuwa wanakiri upungufu wa waongozaji wapatao 3,000. Mwongoza ndege hapikwi kwa siku moja. Baada ya chuo hufundishwa kazini, na mpaka aachiwe meza peke yake inaweza kupita miaka miwili, mitatu. Ukimvuruga kijana leo, pengo utaliona miaka mingi baadaye, wakati aliyevuruga amekwisha staafu na kupewa saa ya ukutani.

Tena mwaka huo huo wa 2025 serikali ya Marekani ilifungwa kwa siku 43, kuanzia Oktoba 1, kwa sababu ya ugomvi wa bajeti. Waongoza ndege walifanya kazi bila mshahara. Wengine wakachoka, wengine hawakuonekana kazini, na Novemba serikali ikalazimika kuamuru safari zipunguzwe katika viwanja 40. Nchi tajiri kuliko zote ilikosa watu wa kukaa kwenye viti. Nje walikuwapo watu waliovitaka viti hivyo ujana wao wote.

NA HAPA KWETU JE?

Mwaka ule ule wa 2014, wakati Wamarekani 28,000 wanachujwa kwa dodoso, hapa Dar es Salaam kulitokea nini? Wenye kumbukumbu wanakumbuka. Mwezi Juni, Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70. Waliojitokeza kwenye usaili walikuwa zaidi ya 10,000, wakapelekwa Uwanja wa Taifa, wakakaa kwenye viti vya watazamaji kama wamekuja kuangalia Simba na Yanga. Picha zao zilizunguka dunia. Katika kila vijana 140 na zaidi, mmoja ndiye angepata.

Haikuishia hapo. Mwaka huo huo, ajira nyingine za idara hiyo hiyo zilisimamishwa na wizara baada ya wananchi kulalamika kwamba majina ya ndugu na jamaa yamejaa katika orodha. Kwa hiyo lile swali la mjomba, "una mtu pale ndani", si maneno ya mlevi. Lilifika mpaka wizarani, na wizara ikaona kuna jambo la kuchunguza.

Tangu hapo mambo mengi yamehamia mtandaoni. Hakuna tena kupanda ngazi za ofisi na bahasha ya kaki kwapani. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ina mfumo wake, kijana anajaza, anapandisha vyeti, anabonyeza. Hayo ni maendeleo na tunayasifu. Lakini umati haujapungua, umejificha ndani ya kompyuta. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na maombi yakapita 100,000. Ni zaidi ya watu 60 wanaogombea kiti kimoja. Umati huo ungeujaza Uwanja wa Taifa na wengine wangebaki nje.

Kuhusu kuongoza ndege, nchi hii ina Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na chini yake kipo chuo cha mafunzo ya usafiri wa anga hapa hapa Dar es Salaam. Ni hazina. Kijana wa Kiwalani anaweza kujifunza kazi hii bila kuvuka bahari. Hatusemi, na msomaji asitusikie vibaya, kwamba huko nafasi zinagawiwa kwa vimemo. Ushahidi huo hatunao. Tunasema neno jingine: ofisi yoyote, iwe ya ndege, ya kodi au ya pasipoti, ikichuja watu bila kuonyesha chujio lake, imejinyima yenyewe utetezi. Siku uvumi ukija haitakuwa na karatasi ya kuonyesha. Mficha uchi hazai.

Mwandishi wa tahariri hii naye anazungumza akiwa na kovu. Nilipomaliza shule niliomba kazi katika ofisi moja ya mji huu. Haina haja ya kutajwa. Niliitwa kwenye usaili, nikavaa shati la kaka yangu, nikajibu maswali yote na mmoja wa wasaili akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaambiwa nitapigiwa. Miezi saba nililala na simu chini ya mto. Nilikataa vibarua viwili vya mkoani nikiogopa kwamba nitaitwa nikiwa mbali. Mwezi wa nane nilikutana na mlinzi wa ofisi ile kwenye daladala. Akaniambia, "Mdogo wangu, wale walishaanza kazi zamani. Waliingia wiki ile ile." Hakuna aliyeona haja ya kunitumia maneno mawili: umekosa, pole.

Sikulilia ile kazi. Nafasi ilikuwa moja na huenda aliyepata alinishinda. Nililia miezi saba.

TUNATAKA NINI

Wakubwa hupenda kusema wapinzani wanajua kulalamika tu. Basi leo tunaweka mezani mambo matano. Hayahitaji fedha za wafadhili wala semina ya hotelini.

Kwanza, tangazo la kazi litaje idadi ya nafasi, siku ya mwisho ya kuomba, na siku ambayo majibu yatatoka. Siku hiyo ikishindikana, itolewe taarifa na siku nyingine itajwe. Kijana akijua jibu lake litatoka Machi, atajua kama akubali kibarua cha Januari.

Pili, vigezo vya kuchujia vitangazwe kabla watu hawajaomba, na visibadilishwe katikati ya safari. Hilo ndilo kosa kubwa la Wamarekani. Unaweza kubadilisha sheria za mpira, lakini huwezi kuzibadilisha dakika ya 80 na kufuta magoli yaliyokwisha fungwa.

Tatu, mtihani uhusiane na kazi na usahihishwe kwa namba, asahihishaye asijue jina. Koo za wakubwa zinajulikana kwa majina. Namba haina ukoo.

Nne, aliyekosa aambiwe amekosa, apewe alama zake, na awe na mahali pa kulalamika ndani ya muda maalumu. Aliyefaulu akakosa nafasi na kuwekwa kwenye kanzidata aelezwe yuko wa ngapi, na jina lake litakaa humo mpaka lini. Kuwekwa kwenye kanzidata bila kujua hayo ni kufungiwa kabatini.

Tano, kama ofisi inataka kuwainua waliosahauliwa, iseme hadharani. Wasichana ni wachache minarani? Vijana wa Kigoma na Mtwara hawafiki usaili kwa sababu nauli hawana? Safi kabisa, wainuliwe. Nafasi zao zitajwe kwenye tangazo, usaili upelekwe mikoani, wafundishwe kabla ya mtihani. Msaada wa mchana kweupe hauna aibu. Na kama ni ofisi iliyochelewesha mchakato, muda huo usihesabiwe katika umri wa mwombaji.

Tunajua majibu yatakayokuja. Mkubwa mmoja atasema waombaji ni wengi mno, hatuwezi kumjibu kila mmoja. Tunamuuliza: kompyuta iliyopokea fomu 100,000 inashindwaje kutuma majibu 100,000? Mitandao ya simu inatuma matangazo ya bahati nasibu kwa mamilioni ya watu kabla jogoo hajawika. Mwingine atasema nafasi ni chache, serikali haiwezi kuajiri kila mtu. Hilo ni kweli na hatulipingi. Lakini uchache wa nafasi ndiyo sababu ya kuzigawa kwa haki. Chakula kikiwa tele, hata mpakuaji mwenye upendeleo hatambuliki. Kikiwa kidogo, kila mtu anaangalia mkono wake.

NENO KWA WANAOSUBIRI

Nanyi vijana, gazeti lenu lina maneno yenu pia. Hatutawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Usitoe hata senti tano kwa mtu anayekuambia anaweza kukupitisha. Matapeli wameota mji mzima, na wanawajua wanaosubiri kuliko ofisi inavyowajua. Atakuambia jina lako liko njiani, limekwama kwa bosi, bosi anataka cha juu. Ukishauza pikipiki ya mjomba, simu yake haipatikani. Tena mtoa na mpokeaji rushwa wote ni wakosaji mbele ya sheria.

Usikae unasubiri tu. Chukua kibarua, endelea na kitabu, kinoe Kiingereza chako, piga hesabu zako. Vijana wa Marekani waliofutwa mwaka 2014 waliporuhusiwa kuomba tena, aliyekuwa tayari ndiye aliyefaidi. Usaili ukija baada ya mwaka na wewe fizikia umeisahau, lawama hiyo haitakuwa ya serikali.

Tunza karatasi zako. Tarehe uliyoomba, namba ya maombi, ujumbe uliotumiwa. Wale wenzenu hawakushinda kwa kupiga kelele. Walikuwa na tarehe, barua na alama. Mwenye karatasi hata kigogo humsikiliza. Ukiona jambo halieleweki andika barua ya kuuliza, kwa adabu, kwa jina lako. Mkiwa kumi andikeni kwa pamoja. Mbunge wenu ana ofisi, ipelekeni huko nakala.

Na la mwisho ni gumu kidogo. Siku mjomba wako atakapokuwa yeye ndiye "mtu wa ndani", na akakuita pembeni, utafanyaje? Wengi wetu tunauchukia upendeleo kwa sababu haujatufikia. Ukipita kwa kimemo, kuna kijana mwenye alama zako na zaidi amebaki kijiweni na simu yake. Wewe unayajua machungu yake, kwa hiyo huna kisingizio.

Kesho jioni ndege nyingine itashuka juu ya Kipawa. Ndani yake kuna mama anarudi kwa wanawe, kuna mfanyabiashara wa Kariakoo na mizigo yake, na huenda kuna waziri. Wote wameyaweka maisha yao mikononi mwa mtu wasiyemjua, anayesema nao kwa sauti tu kupitia kwa rubani. Hata waziri, akiwa huko juu, anaomba Mungu kwamba yule aliye mnarani aliwekwa pale kwa kujua kazi.

Basi waziri huyo akishatua salama, aende ofisini kwake akaulize: wale vijana tuliowaambia wasubiri, tumewaambia mpaka lini?